Rimu Chini ya Amplifaya

"Utamu wa sauti ni kuitika." Mmeyasikia maneno hayo asubuhi hii, Bi Mkabwa alipokuwa akimsuta mkwewe mwenye simu mbili ambaye hapokei hata moja. Mmecheka weee, kisha mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni, na anayechezea simu aiweke kando kidogo. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kwambogo watu hulima mpunga bondeni, na kule juu milimani kuna bwawa. Mvua zikizidi huko, wenye bwawa hufungua milango ili lisipasuke, na maji yote hushukia Kwambogo. Huenda huku chini jua linawaka na mtu ameanika mpunga wake kwa raha zake, lakini maji hayamngoji mtu aanue. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na mlinzi wa maji. Watu wa bwawa humpigia simu, naye hutoka akagonga chuma. Chuma chenyewe kilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye nguzo mbele ya ghala la mpunga.

Kugonga peke yake hakukutosha. Aliye shamba la kwanza akisikia alipaswa kuitika, mwanamume "Naam!" na mwanamke "Abee!", kisha wa shamba la pili aitike, na wa tatu, mwito uende hivyo hivyo mpaka kona ya mto ambako mashamba yanaishia. Kisha jibu la kona hurudishwa shamba kwa shamba hadi kwa mlinzi. Mlinzi haachi kugonga mpaka jibu la kona limfikie. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Wakati huo mlinzi alikuwa Mzee Hiza Semkiwa, mstaafu wa reli. Kazi yake ya ujanani ilikuwa kusikiliza simu za stesheni, na masikio yake yalikuwa hayajazeeka naye. Alipenda muziki kupita kiasi. Mkewe, Mwajabu, alikuwa na shamba lao kule kule kwenye kona, na msimu wa ndege alishinda juu ya dungu, kichanja kirefu cha miti, akiwinga kweleakwelea kwa kombeo na makelele.

Basi binti yao Saumu, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, akamletea baba yake zawadi. Ilikuwa amplifaya, sanduku jeusi zito lenye kioo kidogo usoni, na spika zake mbili ndefu za mbao. Haikuwa na mahali pa kutia kanda wala sahani. Ilivuta muziki wenyewe kwenye mtandao, na ukitaka iimbe uliiamuru kwa simu. Siku ya kwanza Mzee Hiza alipoiwasha, wimbo wa taarabu aliokuwa akiusikia tangu ujana wake ukatoka, naye akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: pumzi ya mwimbaji kabla ya neno la kwanza. Mzee mzima akatoa leso akafuta macho. Jirani zake walikuja kusikiliza, na wote walikubali kwamba sauti kama ile haijapata kuingia Kwambogo.

Ila, watoto wangu, amplifaya ile ilikuwa na tabia. Leo simu inaiona, kesho haiioni. Inaimba vizuri, kisha inanyamaza katikati ya ubeti. Siku nyingine Mzee Hiza anaiamuru asubuhi, hola. Anakata tamaa anakwenda kuoga, nayo inaanza kuimba peke yake nyumba ikiwa tupu. Fundi wa mjini akamwambia ubovu haumo kwenye chuma wala waya, umo kwenye programu, na programu hutengenezwa na wenye kiwanda huko huko kwao. Mzee akaisamehe. Anayependa haoni, au anaona akafumba.

"Ina maringo tu," alikuwa akisema.

"Baba Saumu," Mwajabu akamjibu siku moja, "mtu mwenye maringo ukimwita huchelewa. Hiki kitu hakiitiki kabisa."

Walicheka, wakaacha.

Kosa lilianzia kwenye mkutano wa kijiji. Mtu mmoja alisema: jamani, tunayo sauti kubwa na nzuri namna ile, kwa nini bado tunagonga rimu kama watu wa zamani? Vifungwe vipaza sauti juu ya paa la mlinzi, viunganishwe na ile amplifaya, tahadhari isikike kwa maneno yanayoeleweka. Watu wakapiga makofi. Sauti iliyochaguliwa ilikuwa ya Mwajabu, kwa sababu miaka ya kuwinga ndege ilikuwa imeifanya ivuke bonde zima. Akarekodiwa kwenye simu ya mumewe: "Tokeni bondeni, maji yanakuja! Tokeni bondeni, maji yanakuja!" Walipoijaribu, bonde zima likasikia kila silabi. Kwa kuwa maneno yalisikika wazi vile, watu waliona hakuna haja tena ya kuitikiana. Na rimu ikateremshwa.

Mzee Hiza akaiomba. Meza yake ilikuwa nyepesi na ikitetemeka muziki ukinguruma, naye alitaka kitu kizito cha kukalishia amplifaya. Akailaza rimu juu ya meza, akaweka ubao, akaweka amplifaya, na Mwajabu akafunika vyote kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka kwamba chini yake kuna chuma.

Sasa nisikilizeni hapa. Mzee Hiza alikuwa na siri. Kabla ya msimu wa mvua aliijaribu tahadhari peke yake, akiwa ameteremsha sauti. Mara mbili ilitoka. Mara ya tatu haikutoka. Alitakiwa aende kwa mwenyekiti siku ile ile akaseme, lakini aliona haya. Alikwishaisifu mno amplifaya yake mbele za watu. Akajiambia itakaa sawa yenyewe, na kila usiku akajiambia tena.

Siku ya siku ikafika. Ilikuwa saa nne asubuhi, mbingu nyeupe, jua kali. Mpunga ulikuwa umeshika rangi na bonde lilikuwa limejaa watu wa kuwinga ndege. Simu ikalia. Kijana wa bwawa alisema kwa haraka kwamba usiku kucha imenyesha milimani, na milango imefunguliwa yote.

"Yote?" Mzee Hiza akauliza. Milango yote haikuwahi kufunguliwa kwa pamoja.

"Yote, mzee. Una nusu saa. Watoe watu."

Akabonyeza tahadhari. Kwenye simu kikatokea kiduara, kikazunguka, kikazunguka. Kisha maneno: kifaa hakipatikani. Akabonyeza tena. Kiduara. Kifaa hakipatikani. Akabonyeza mara ya tatu, ya nne, mpaka ya saba. Alipoinua macho aliona kioo cha amplifaya kimewaka. Kiliandika: Inasasishwa, asilimia kumi na moja. Usizime. Usichomoe waya wowote.

Mzee Hiza alikuwa mtu wa reli. Miaka thelathini alifundishwa kwamba onyo lililoandikwa halibishiwi. Akasimama mbele ya kile kioo mikono ikining'inia, akasoma asilimia kumi na mbili. Akatoka nje akapiga kelele, "Maji! Maji!" lakini upepo ulikuwa ukitoka bondeni, ukairudisha sauti yake kifuani. Akarudi ndani. Kumi na tatu. Akilini alimwona Mwajabu juu ya dungu, kombeo mkononi, uso ameuelekeza kwa ndege na mgongo ameupa mto.

Jirani yake Mhina akaingia bila hodi. Alikuwa amesikia zile kelele.

"Mzee Hiza, ni nini? Mbona vipaza sauti kimya?"

"Milango imefunguliwa. Yote. Hii kitu inajisasisha."

"Ikomeshe!"

"Imeandikwa nisizime. Nikichomoa waya itakufa, Mhina. Ikifa tahadhari haitoki tena. Ngoja, imefika kumi na nne."

"Na kwenye kona yuko nani leo?"

Mzee Hiza akageuka kutazama bondeni.

"Mzee wangu," Mhina akasema, na sauti yake ikashuka, "ukichomoa itakufa hiyo. Usipochomoa atakufa nani? Chuma kiko wapi?"

Mzee Hiza alikodoa macho kama aliyeulizwa habari ya nchi nyingine. Kisha akanyoosha kidole kwenye kitambaa cheupe.

Mzee Hiza aliikumbatia amplifaya kwa mikono miwili akaivuta, na nyaya za vipaza sauti zikakatika nyuma yake. Akaitua sakafuni bila kuitazama, ikabaki imelala ubavu, na waya wa umeme na ule wa spika moja bado zimeishikilia. Wakaibiringisha rimu hadi nje. Nguzo ya zamani ilikuwa imekwishaondolewa, kwa hiyo Mhina akapitisha kamba kwenye tundu, akaifunga kwenye boriti ya baraza, na Mzee Hiza akaokota kipande cha nondo akaanza kugonga.

Sauti yake ilikuwa mbaya. Chuma kwa chuma, inakera meno. Lakini wazee bondeni waliinua vichwa mara moja, na kutoka shamba la kwanza mtu akaitika, "Naam!" Kisha "Abee!" ya pili. Kisha ya tatu, mbali zaidi. Watu wakaanza kuonekana wakikimbia juu ya majaruba kuelekea kwenye tuta lililo mbele ya nyumba ya mlinzi, wengine na watoto mgongoni. Mwito ukaenda, ukafifia, ukafika karibu na kona.

Hapo ukakatika.

Mzee Hiza akagonga. Akatega yale masikio yake ya stesheni. Aliwasikia ndege, akamsikia Mhina akihema, na nyuma ya vyote akasikia ngurumo ambayo haikuwa ya mbingu. "Mwajabu!" akaita. Akagonga. Ngozi ya viganja ikachubuka, nondo ikawa inateleza kwa damu, naye akagonga. Watu walipanda tuta, wakawa wanahesabiana, na kila mmoja alipogeuka kumtazama mlinzi aliinamisha macho, kwa maana wote walijua bado anangoja jibu la nani.

Maji yakaja. Hayakuja kwa wimbi la kutisha kama mnavyodhani. Yalikuja mekundu na mapana, yakiinuka pasipo pupa, na mpunga ukalala mbele yake shamba kwa shamba. Dungu la kona likainama, likazama majini. Mzee Hiza aliliona likizama. Hakuacha kugonga, kwa sababu hakujua mtu hufanya nini akiacha.

"Abee."

Jibu lilitoka chini ya tuta, karibu, sauti imepasuka. Mwajabu alikuwa ameshika mizizi ya matete, maji yamemfika kifuani, kilemba kimekwenda na mto. Mhina na wengine walishuka wakamvuta. Alikuwa ameisikia rimu tangu mwanzo, akaitika kila mara alipoweza, ila sauti ilikuwa imemkauka kwa kuwinga ndege tangu alfajiri, aliyekuwa karibu naye alikwishakimbia, na maji yalipomkuta njiani yakamjaa mdomoni. Aliifuata ile sauti tu. Kila alipopotewa na upande, chuma kilimwambia nyumbani ni huku.

Mzee Hiza aliketi chini, nondo mkononi, akalia mbele za watu bila kujificha. Na ndipo, watu wote wakiwa wamesimama kwenye tuta wanatiririka maji, kutoka ndani ya nyumba ikatoka sauti nzuri, safi, pumzi yake ikisikika kabla ya neno la kwanza:

"Tokeni bondeni, maji yanakuja!"

Watu wakasisimkwa na mwili. Sauti ikarudia, tena na tena, mpaka ikatimia mara saba, kwa maana mlinzi alikuwa ameibonyeza mara saba. Mwajabu alisikiliza sauti yake mwenyewe huku akitetemeka ndani ya kanga ya kuazima. Ilipokoma akasema:

"Kumbe nina sauti tamu hivyo! Lakini utamu wa sauti ni kuitika, Baba Saumu."

Mpunga wa msimu ule uliharibika wote na watu walikula mihogo. Mzee Hiza alikwenda kwa mwenyekiti akakiri ile siri yake, akasema mwenye kosa si amplifaya, ni yeye aliyejua akanyamaza. Hawakumvua ulinzi. Walimwambia asimamishe nguzo mpya kwa mikono yake, akaisimamisha, na rimu ikarudi mahali pake, na watu wakarudi kuitikiana.

Amplifaya hakuitupa. Aliendelea kuisikiliza, kwa kuwa sauti ile ilikuwa kweli nzuri, nisiwaongopee. Ila ile tahadhari iliyorekodiwa haikukubali kufutika. Alijaribu kila njia, ikawa imo tu. Mara moja moja, mchana mtulivu bila wingu, ilijitokea yenyewe: tokeni bondeni, maji yanakuja. Hapo Mzee Hiza aliruka kutoka kitini, roho mkononi, akaenda mlangoni akaita, "Mwajabu!" Naye Mwajabu, awe jikoni, awe uani anapepeta, aliacha alichokishika, kwa kuwa alijua mumewe hatarudi kuketi kabla hajamsikia.

"Abee!"

Utamu wa sauti ni kuitika.