Helikopta Haina Shangazi

"Helikopta haina shangazi." Baba yenu kasema hivyo jana, baada ya ile filamu yenu ya kulipukalipuka kumtia usingizi, nanyi mmekuja mbio kuniuliza mimi. Haya, kaeni. Wewe Sikudhani, weka hiyo simu chini, la sivyo nanyamaza. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Kilosa, nami nilikuwepo, nakata tiketi mlangoni pa ukumbi wa sinema.

Palikuwa na fundi cherehani akiitwa Kondo. Kijana mpole, mwenye maneno mengi, wale watu unaowapenda hata wakikuudhi. Filamu yake ya kwanza aliipiga uani kwa shangazi yake, Bi Mwantumu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bi Mwantumu aliigiza mjane ambaye mashemeji wanataka kumnyang'anya nyumba. Basi! Mnajua watu wetu na sinema, hawakai kimya. Mashemeji walipomletea chai yenye sumu, ukumbi mzima ulipiga kelele: "Usinywe, mama! Mwaga!" Mzee mmoja alivua kiatu akamrushia shemeji mtu. Watu walitoka macho yamewavimba, na kesho yake wakarudi.

Sifa zikamlevya Kondo. Filamu ya pili akataka iwe ya kutikisa nchi. Akauza vyerehani, akauza na shamba la mpunga aliloachiwa na baba yake, ambalo ndilo lililowalisha yeye na shangazi. Akakodi helikopta, akalipa na mafundi wa kompyuta wa kuilipua. Bi Mwantumu alipouliza yeye ataigiza nini, Kondo aliinamisha macho.

"Shangazi, safari hii ni mambo ya kisasa. Hakuna mahali pa kanga."

"Haya, mwanangu. Mungu akujalie," akasema yule mama. Lakini uso wake niliuona, na iliniuma sana.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Helikopta ikaruka juu ya mto, ikawaka, ikaanguka. Lo, moto ule! Na watu kimya. Kondo alikuwa amesimama nami mlangoni, akaninong'oneza kwa furaha, "Unaona, dada? Wamepigwa na butwaa." Maskini ya Mungu! Mimi nilikuwa naona vichwa vinasinzia. Punde mmoja akainuka akatoka, jirani yake akamfuata, kila mtu ananiaga kwa adabu kama anayetoka kwenye msiba wa mtu asiyemjua. Kesho yake viti vilikuwa vitupu.

Bi Mwantumu alimkuta Kondo amekaa kiti cha mbele, analia waziwazi.

"Shangazi, nimekosea wapi? Shamba limekwenda! Na helikopta imelipuka kweli kweli!"

"Imelipuka, mwanangu, nimeona. Mle ndani alikufa nani?"

"Rubani."

"Jina lake?"

"Hatukumpa jina."

"Ana mke? Ana shangazi aliyempikia, akakaa kumsubiri?"

"Ni rubani tu, shangazi."

"Sasa watu wamlilie nani? Helikopta haina shangazi."

Kondo akajifuta machozi kwa mkono wa shati. "Na kama ungekuwemo wewe?"

"Mimi?" Bi Mwantumu akaikaza kanga yake kiunoni. "Thubutu! Ukumbi mzima ungesimama kunizuia nisipande."

Hapo Kondo akacheka huku analia, akamwomba radhi mbele yangu, bila kuona haya. Shamba halikurudi, nisiwadanganye. Alianza upya kwa cherehani cha kuazima, na ilipofika filamu ya tatu, mtu wa kwanza kuulizwa ataigiza nini alikuwa Bi Mwantumu. Akasema atafikiria. Alimsumbua Kondo wiki nzima, nami sikumlaumu.

Kwa hiyo mkiona mtu anamwaga mali kwenye makubwa, akamsahau yule ambaye roho za watu zingemhangaikia, mwambieni taratibu, kwa upendo, maana huenda na yeye ameuza shamba: helikopta haina shangazi.