Glavu za Kipanga

Sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna taratibu, maana mwisho nitakuuliza wewe.

Mkoani kwetu kulikuwa na timu tatu za wasichana za besiboli, mchezo ule wa kurusha mpira, kuupiga kwa gongo na kukimbia. Nyuki waliongozwa na Tumpe, mrushaji ambaye mpira wake huuoni, unausikia tu. Radi walikuwa na Subilaga, mpigaji. Akiugonga, utauokota kwenye shamba la watu. Nahodha wa Kipanga alikuwa Atuganile, mdakaji, na kilichoingia mkononi mwake kimeingia. Wote watatu walitaka kitu kimoja: nafasi pekee ya mkoa kwenye mtoano wa taifa, Dodoma.

Radi wakawafunga Kipanga kwa pointi moja. Kipanga wakawafunga Nyuki, pointi moja vilevile. Ikabaki mechi ya Nyuki na Radi, na Radi wakishinda, safari ni yao.

Siku hiyo Nyuki wakafika mikono mitupu. Tumpe alikuwa amezipaka glavu zao zote za kudakia mpira mafuta ya mgando ili zilainike, akazianika uani kwao, akazisahau hukohuko. Na sheria ilisema timu isiyo na glavu imeshindwa.

Mwalimu Mwasomola, msimamizi wa ligi, akamgeukia Subilaga. "Ushindi wa mezani huu. Unauchukua?"

Wenzake wakamvuta jezi akubali. Subilaga akatikisa kichwa. "Sikuja kuifunga meza, Mwalimu. Wakipata glavu, tucheze."

Atuganile alikuwa pembeni akitazama. Akaja na mfuko wa glavu za Kipanga. "Chukueni. Mkizichana mtazishona."

"Asante, dada," akasema Tumpe kwa aibu. Akaingia, akarusha mpaka bega likawaka moto. Nyuki wakashinda, kwa pointi moja.

Basi hesabu ikagoma. Kila timu imeifunga moja, imefungwa na nyingine, na pointi ni zilezile. Marudiano hayawezekani, gari la Dodoma linaondoka alfajiri. Mwalimu akatoa sarafu.

"Irudishe mfukoni," Subilaga akasema. "Hiyo haijatoka jasho. Ningekuwa mchoyo, saa hizi nafunga begi."

"Na mngecheza vipi bila glavu zangu?" akauliza Atuganile.

"Ulizitoa ukijua Nyuki wakishinda nawe unafufuka!"

"Nilijua. Na nisingejua, ningezitoa vilevile."

Tumpe akafuta jasho. "Kosa langu nalijua. Lakini mliniruhusu nicheze, nikacheza, nikashinda. Au mlitaka niingie nishindwe?"

Mwalimu akairudisha sarafu mfukoni. Alfajiri akawakuta wote watatu wamesimama mlangoni mwa gari, kila mmoja na begi lake mgongoni, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyuma hata hatua. Dereva anapiga honi.

Haya, mla mahindi, meza kwanza. Unamwita nani apande?