Shimo la Osmunda

Shimo la kwanza ni la kuuliza. Asubuhi hii Eusebi alipotangaza kwamba atang'oa kahawa yote ya baba yake apande parachichi, shangazi yake alimjibu kwa maneno hayo tu, kisha akaendelea kuchambua maharage. Eusebi huyu hapa amenuna hadi sasa, na nyinyi wenzake mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Ketini. Hayakutoka mbali, na ilikuwa hivi.

Wote mnaijua nyumba ile ya njia panda, yenye banda kubwa la gari ambalo harusi zetu zote hukimbilia mvua ikinyesha. Waliijenga Otmari Ndunguru na mkewe Osmunda. Otmari alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka ishirini na sita alisafirisha kahawa za watu, akirudi nyumbani siku mbili tatu kwa mwezi, akala, akalala, akaondoka. Aliyelima ni Osmunda. Na kwenye milima hii yetu ya Umatengo, kulima ni kuchimba ngoro, yale mashimo yanayopangwa mlima mzima ili mvua iingie humo itulie, isiteremke bondeni na udongo wetu. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga, wanawake huchimba. Kwa hiyo mashimo ya Osmunda yalikuwa mengi kuliko kilomita za mumewe, na hapo sitaki mtu anibishie.

Otmari alipostaafu alirudi na lori lake mwenyewe, kuukuu lakini zima, pamoja na ndoto moja. Huko mjini alikuwa akishusha mizigo kwenye nyumba yenye chumba chini ya ardhi. Unashuka ngazi, unakuta ubaridi mtamu, magunia yamepangwa vizuri, na juu ya kichwa chako watu wanatembea. Ndoto hiyo ilimwingia mifupani. Kiwanja chao kilianzia barabarani kikapanda mteremko hadi chini ya shamba la Osmunda, naye akasema huko juu ndiko atakakochimba chumba chake.

Osmunda alitaka banda la gari, pana, lenye mlango mkubwa. Lori lisilale nje, kahawa iliyoanikwa ikikutwa na mvua isombwe ndani mara moja, na msiba ukitokea watu wasilowe. Matofali waliyochoma yalitosha nyumba na kimoja tu kati ya hivyo viwili. Nao walikuwa wakiishi kwenye nyumba ya zamani iliyovuja kila pembe, hata Osmunda alijua kwa mlio tu sufuria ipi imekaribia kujaa. Alikuwa ameichoka nyumba ile kuliko kitu chochote duniani. Akibishana na mumewe, mpya itachelewa. Akinyamaza, aliogopa itajengwa vibaya na hawatapata nyingine maisha yao yote. Wakawa wanakula ugali wa sahani moja bila kusemezana.

Mwezi wa tisa Otmari alimleta fundi Kanisius. Wakapigilia vigingi huko juu mteremkoni na kufunga kamba. Osmunda akashuka kutoka shambani na jembe begani.

"Baba Filotea," akasema, "kabla hamjaanza, naomba nichimbe shimo moja hapo katikati."

"La nini?"

"La kuuliza."

"La kumuuliza nani?" Otmari akacheka, na fundi naye akacheka kwa adabu.

Osmunda akashusha jembe begani. Alichimba mpaka shimo likamfika kiunoni, akachota udongo wa chini kabisa akaufinya kiganjani. Ukawa vumbi.

Otmari akapiga makofi. "Si unaona? Pakavu kama unga. Haya, limejibu!"

"Limejibu la kiangazi. Kiangazi kila shimo hukubali. Nisubirie mvua."

"Mvua! Mama Filotea, mvua ikianza hatujengi tena mpaka mwezi wa tano. Na sufuria zako je?"

"Nitazikinga mwaka mmoja zaidi. Shimo likibaki kavu baada ya mvua kubwa, udongo wa chumba chako nitaubeba mimi mwenyewe kichwani, na neno banda hutalisikia tena kinywani mwangu."

Otmari alimtazama. Mkewe hakuwa mtu wa kulivunja neno lake. "Mpaka Noeli," akasema. "Lakini na pa kwako paulizwe."

"Ni haki," Osmunda akajibu, akaenda kuchimba shimo la pili kule barabarani, mahali pa banda. Mashimo yote mawili akayaezekea kwa nyasi na kuyazungushia tuta, tone la mvua lisiingie kwa juu.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Wapita njia wakapata la kusema. "Bwana Ndunguru, nyumba yako imeshaota, au bado iko chini?" Otmari aliona uchungu, na Osmunda alimwonea huruma. Mvua ilipofika hatimaye, ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Osmunda alikaa katikati ya sufuria zake akajiona mjinga mkubwa. Angenyamaza tu, saa hizo angekuwa chini ya bati jipya.

Siku ya nne mvua ilikatika. Otmari akavaa buti bila kuambiwa. "Twende," akasema.

Walianzia barabarani. Wakafunua nyasi, wakakuta udongo mkavu na panzi mmoja. Wakapanda hadi la mteremkoni. Nyasi zake zilikuwa kavu kwa ndani, tuta halikubomoka, lakini shimoni mlikuwa na maji ya kufika magotini, meupe, yakitiririka taratibu kutoka kwenye ukuta wa juu.

"Nani ametia maji humu?" Otmari akauliza.

"Tazama juu."

Akainua macho. Mlima mzima ulikuwa umejaa ngoro, na kila moja ilikuwa imeshika maji yake, yakimeta juani. Mengine yalikuwa yamezama ardhini, yakishuka chini kwa chini hadi shimoni.

"Ni ngoro zako," akasema.

"Ni zangu. Ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya ulipokuwa safarini."

Osmunda alidhani angefurahi kushinda. Badala yake aliuona uso wa mumewe, akaumia. Akaketi kando yake kwenye majani mabichi. "Pole, baba," akamwambia.

Otmari alichota maji kwa kiganja akayaonja. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Nilitaka kuweka viazi humu," akasema. "Vingejifunza kuogelea!" Wakacheka wote wawili mpaka machozi, kicheko chao cha kwanza tangu vigingi vilipopigiliwa.

Mwezi wa tano ujenzi ulianza. Hakuna mwanamke aliyeteremka mtoni na ndoo. Maji yote ya kukorogea udongo na saruji fundi Kanisius aliyachota kwenye shimo lile la mteremkoni, nalo halikukauka hadi mwezi wa saba. Banda lilisimama barabarani, na Otmari akachimba humo shimo lake, jembamba, refu kama lori, la kusimama chini ya gari akilitengeneza. Alilitilia ngazi tatu. Mgeni akija, humshusha humo kwanza kabla hajapewa kiti. "Karibu chumba changu cha chini," humwambia.

Fundi Kanisius naye, tangu hapo, akawa hafungi kamba kwenye kiwanja cha mtu kabla ya kuona shimo moja limepita mvua. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwa neno la Osmunda. Watu wakalibeba neno lile mpaka kwenye mashamba, kwenye biashara, na kwenye posa za haraka haraka.

Kwa hiyo, Eusebi, shangazi yako hakukukataza. Kahawa ya baba yako imesimama tangu hujazaliwa, nayo itakungoja. Kile kipembe cha juu cha shamba kiko wazi. Panda mparachichi mmoja, uuache upite mvua na kiangazi, kisha wewe urudi utuambie mti huo umekujibu nini. Jembe liko nyuma ya mlango. Shimo la kwanza ni la kuuliza.