Kofia na Kandili ya Makame

Hapo zamani, wala si zamani sana maana umeme ulikwishafika, kulikuwa na mchezo wa video, na ndani ya mchezo huo kulikuwa na mji unaoitwa Kimyani. Msinicheke. Watu wa humo walipenda na walifiwa kama sisi, na huyu Siwema ninayemleta kwenu alifiwa na mumewe, Makame, mshona kofia.

Watu wa Kimyani walijua kuwa mtu ni vitu viwili. Kuna roho, ile pumzi inayompa uhai. Na kuna nafsi, yale yanayomfanya awe yeye na si mwingine: kumbukumbu zake, utani wake, hata kero zake. Mtu akifa, roho yake huingia katika kandili ya nyumbani, nafsi yake hukaa katika kitu alichokipenda. Desturi ni kwamba marehemu akishazikwa, mjane huipuliza kandili juu ya kitu kile, roho na nafsi zikakutana, zikaenda zao pamoja.

Siwema hakupuliza. Aliitundika kofia aliyoipenda Makame, ambayo hakuimaliza, akaitazama kandili, akaona mwanga ule unamtosha kuwa mwenzake. "Kesho," akasema. Kesho ikafika, akasema kesho tena. Wakati wa kula alipakua sahani mbili, kisha moja akaimwaga.

Siku moja ya mvua kubwa akaja Shomari, mlinzi wa lango la mji, anatetemeka.

"Bi Siwema, nisaidie cha kufunika kichwa, baridi itaniua!"

Siwema, mawazo yakiwa mbali, akamtupia kofia iliyokuwa kwenye msumari. Shomari akaivaa, akasema, "Siwema, bado unaujaza mchuzi chumvi?"

Utani huo alikuwa nao mtu mmoja tu. Siwema akapiga ukelele, akambamizia mlango. Nafsi ya Makame ilikwishaingia, na Shomari hakumkumbuka tena hata mama yake mzazi.

Mvua ile ile haijakatika, msafiri mmoja jina lake Hamadi akaanguka kizingitini, pumzi zinamwishia. Siwema akaangalia kandili, akamwangalia mtu anayekata roho. Akalia. Akaipuliza kandili juu yake. Hamadi akafumbua macho, akaanza kupumua kwa mluzi mdogo puani, ule ule wa Makame. Lakini mwanamke aliyemwinamia, Hamadi hakumjua ni nani.

Nyumba ikawa giza. Aliyeliona giza lile ni jirani, Kombo mfinyanzi, rafiki wa marehemu. Akaleta kijinga cha moto kutoka jikoni kwake, akakiweka mlangoni, akabisha hodi, akaenda zake. Jua la kesho yake likazama, akaleta tena. Na la kesho kutwa, hivyo hivyo.

Sasa, sheria ya Kimyani ni ngumu. Eda ikiisha, mlango wa mjane hufunguliwa mara moja tu, kwa mwanamume mmoja. Asipofungua, mlango hugeuka ukuta, naye hubaki ndani peke yake milele. Eda ya Siwema ikaisha. Wakaja watatu.

Shomari akasema, "Mke wangu, ni mimi. Nakumbuka ulivyocheka mkeka ulipotuchanikia siku ya harusi yetu. Ukinikataa, kofia hii itafumuka yote, nami nitarudi kuwa Shomari. Mambo yetu utayakumbuka peke yako."

"Na mama yake Shomari je?" Kombo akadakia. "Kila siku yuko langoni analia, mwanawe anamwamkia kama mgeni."

Hamadi akasema, "Bi Siwema, mimi sikukumbuki, siwezi kukudanganya. Lakini miguu yangu hugeukia hapa bila kuniuliza. Nimekuezekea paa, nimekuchotea maji, na tangu siku ile hata uso wako hujanionyesha. Pumzi hii ni ya nyumba hii. Ukinifukuza, nitaondoka nayo, hutaisikia tena."

Siwema akaita kutoka ndani, "Na wewe, Kombo?"

"Mimi sina cha Makame, wala sitajifanya ninacho. Nilicho nacho ni changu. Ule moto ulikuwa wa jikoni kwangu, na mimi nami nakaa peke yangu."

Shomari akamgeukia, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Makame kabisa. "Kombo, rafiki yangu! Kumbe ulikuwa unasubiri nife?"

Kombo akainama.

Nyuma ya mlango, Siwema aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Alimsikia mumewe akiongea upande huu, akamsikia akipumua upande ule. Harufu ya moshi wa kijinga cha Kombo ilipita chini ya mlango, na kwa mara ya kwanza siku ile alihisi kwamba hana baridi. Alimtaka Makame. Hakutaka nusu yake. Akashika komeo.

Hapo mchezo husimama, ukamsubiri mchezaji abonyeze kitufe. Na wengi wakifika hapo hukuna kichwa, wakazima mashine, wakaenda kula. Siwema hubaki pale pale, mkono kwenye komeo, hajui kama kuna atakayerudi.

Basi pedi hiyo ya kuchezea, ishikeni nyie. Mmoja anamkumbuka, mmoja anapumua pumzi ya mumewe, mmoja alimletea moto wake mwenyewe. Msizime. Je, nani alistahili kufunguliwa?