Ngiri, Nguchiro na Kibuyu cha Amana

Wewe uliyejinyoosha hapo karibu na mlango, nikuulize: mkiachana kesho, ile amana mliyomwachia mwenye nyumba itakuwa ya nani? Usimtazame mwenzio. Jibu wewe.

Haya, hajui. Basi nimebeba kisa!

— Kitue!

Nimebeba kisa!

— Kitue tukione!

Kikiwa kitamu?

— Chetu sote!

Kikiwa kichungu?

— Cha jirani!

Zamani, wanyama walipokuwa wakioana bila kuulizana ukubwa, Bwana Ngiri alimwoa Bi Nguchiro. Ngiri mwili kama gunia la mkaa, pembe zimechomoza mdomoni, sauti ya kuamrisha hata nzi. Nguchiro kiumbe wa kuingia ndani ya birika na nafasi ikabaki.

Wakapanga shimo kwa Mzee Mhanga, maana huyo ndiye mchimbaji wa nyumba zote za bondeni. Mhanga akataka amana: kibuyu kimoja cha asali. Nguchiro akautafuta mzinga, Ngiri akaupasua, kibuyu kikajaa. Mhanga akakitia kwapani, akatoa masharti yake.

"Siku ya kuhama nitaikagua nyumba. Nikiikuta kama nilivyoiacha, mtagawana nusu kwa nusu. Nikikuta ukuta umetobolewa, aliyetoboa hapati hata tone. Fungu lake anachukua mwenzake. Mmesikia?"

Nguchiro alisikia. Ngiri aliitikia "Ndiyo, ndiyo," huku akilamba asali iliyomwagikia pembe zake.

Wakakaa. Sasa, Ngiri haingii nyumbani kama watu wengine. Huingia kinyumenyume: makalio kwanza, kichwa mwisho, ili pembe zielekee nje. Fuu! anazama. Gudu! anaziba mlango. Nguchiro yuko ndani kabisa, gizani, anatazamana na mkia.

"Mume wangu, kumekucha, nipishe."

"Khooo."

"Baba, jua limepanda, nipishe."

"Khooo."

"We Ngiri, nimebanwa na haja!"

"Khooooo!"

Asubuhi moja Nguchiro akachoka kuomba ruhusa kwa mkia. Akaugeukia ukuta wa nyuma. Kwaru, kwaru, kwaru! Udongo ukaporomoka, pu! Jua likaingia. Tangu siku hiyo akawa anatoka na kurudi apendavyo. Ngiri alihisi upepo ukimpuliza mgongoni, akawatambia majirani: "Nyumba yangu ina ubaridi wake, si kama hayo matanuri yenu." Lakini kugeuka aone upepo unatoka wapi? Ng'o.

Baadaye wakaachana. Mnataka sababu? Mmeshaisikia.

Siku ya kuhama ikafika, mawingu ya masika yamejaa juu ya bonde. Nguchiro alikuwa amepata kishimo ng'ambo ya pili, kidogo, kikavu, chenye milango miwili. Ila mwenye nyumba wa huko naye alitaka amana, tena kabla ya mvua. Bila fungu lake la asali, Nguchiro angelowa nje. Na tundu la ukutani alilichimba yeye, kwa kucha zake hizo hizo.

Akaanza kwa wema. "Baba, tugawane nusu kwa nusu, kila mtu aende zake."

"Nusu? Kwa lipi? Mzinga nani aliupasua?"

"Wewe."

"Mlango nani aliulinda?"

"Wewe. Mpaka na mimi nikashindwa kupita."

"Nyumba nani aliifanya ikaitwa nyumba?"

Nguchiro akamtazama. Siku zote kiburi hicho alikuwa akikiona kwa upande wa mkia. Leo alikiona usoni, akagundua kumbe kina mpini wa kukishikia.

Akainamisha kichwa. "Kweli, yote umefanya wewe. Mimi nina kitu kimoja tu cha kujivunia: dirisha la nyuma, lile linaloleta upepo. Mzee Mhanga akija nitamwambia ni kazi ya mikono yangu. Tafadhali, hilo usininyang'anye."

Masikio ya Ngiri yakasimama wima. Dirisha? Kumbe kuna dirisha?

Mhanga akaja na pua yake ndefu, akaingia. Fff, fff, ananusa. Ko, ko, ko, anagonga. "Huku kuzuri. Huku kuzuri. Huku..." Akatoka, masikio yamelala.

"Nani ametoboa ukuta wangu?"

"Ni mimi, mzee," akasema Nguchiro.

"Mwongo!" Ngiri akafoka. "Ni mimi!"

"Ni mimi, mzee."

"Mimi! Hebu mtazame, mikono kama njiti. Huyu atatoboa nini? Uji?"

Mhanga akamkazia macho. "Bwana Ngiri, una hakika?"

"Nilitoboa kwa pembe hizi! Ya kulia ikaanza, ya kushoto ikamalizia. Nilitaka kuongeza na la pili, nikahofia husuda za majirani."

"Mkeo hakukusaidia?"

"Huyo? Alikuwa amelala! Kazi yangu, jasho langu, dirisha langu!"

"Bi Nguchiro, una la kuongeza?"

"Sina, mzee. Nimeshasema mara mbili. Ndivyo tulivyoishi humu: mimi nasema, yeye anasema kwa sauti zaidi."

Mhanga akachomoa kibuyu kwapani. Ngiri akanyoosha mikono yote miwili. Kibuyu kikampita puani, kikatua kwa Nguchiro.

"Aliyetoboa hapati hata tone," akasema Mhanga. "Chukua, mama. Chote ni chako."

Ngiri akapepesa macho.

"Ngoja, mzee! Si mimi!"

"Ulisema ya kulia ikaanza."

"Haikuanza!"

"Ya kushoto ikamalizia."

"Haikumalizia! Nimedanganya! Mzee, nimedanganya! Hilo tundu sijui hata likoje. Ni dogo? Ni kubwa? Nimekaa humo na mke wangu, na nyuma yangu sijawahi kugeuka kutazama, hata siku moja!"

Akasikika bonde zima. Nguchiro, aliyekwisha kujitwika kibuyu, akasimama kidogo. Kisha akaenda zake.

Kisa kimefika kwake, nanyi fikeni kwenu. Lakini najua yupo ambaye hatalala bila funzo, basi funzo ni hili: kutoboa ukuta wa watu ni vibaya, vibaya sana, na asali huwaendea wapangaji wema peke yao. Ukishatoboa, ungama mapema, kwa unyenyekevu na kwa sauti ndogo. Ila kwanza hakikisha umeolewa na Ngiri.