Bi Somoe, Chonga na Mnazi wa Kitovu

Paukwa!

Pakawa!

Ebo! Mnaitikia kama mmebanwa na uji wa moto. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo kale, wadudu walipokuwa wakisema, palikuwa na kijiji cha Kigomani, na chakula chake ni nazi. Mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi huo haukatwi asilani, hata ukifa.

Basi akaja mdudu Chonga, mweusi, ana pembe puani na ugonjwa miguuni. Akatoboa mnazi, ukanyauka. Akatoboa wa pili, ukanyauka. Akatoboa wa tatu, mnajua wenyewe. Na ndani ya kila mnazi mfu akataga mayai.

Bi Somoe, mama mmoja wa pale kijijini, akasema, "Jamani, tuikate tuichome! Humo ndimo anamozaa."

Watu wakaja juu. "Tuwaue watoto wetu? Una wazimu!"

Chonga akadakia toka kutini, "Kweli, msikate! Mnazi ukianguka, mwenyewe naye chali."

Wakamwamini mdudu! Sijui walikula nini wale.

Bi Somoe akachukua shoka, akaenda kwenye mnazi wa mwanawe Vuai, nao ulishaanza kunyauka. Vuai akauliza, "Mama, na kama Chonga hasemi uongo?"

Mama akainua shoka. Aliogopa, wallahi aliogopa! Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Akapiga shoka, Vuai mzima. Akapiga, Vuai mzima. Akapiga, mnazi chini, puu! Watu wakafumba macho. Kufumbua, Vuai huyo amesimama, anajipapasa kifua.

Watu bado wakasitasita. Bi Somoe akamwita mdudu kwa sauti tamu. "Bwana Chonga, mti ndio huo umelala. Gogo laini, lina maji bado. Hamia na ukoo wako, mle mshibe."

Mlafi hana macho. Akaja yeye, wakaja wake zake, wakaja wajomba na mashangazi. Siku ya saba gogo likawa linavuma kwa wadudu. Mchana kweupe, makuti makavu yakarundikwa pande zote, moto ukashika.

Chonga akapiga kelele humo ndani, "Somoe! Unamchoma mwanao!"

"Mwanangu?" akasema Bi Somoe. "Mwanangu ndiye aliyewasha."

Jioni ile hapakubaki nyumba isiyonoa shoka.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe niimeze.