Namba ya Siri Iliyopitishwa na Mkutano Mkuu

Kamati Ndogo ya Muda ya Kuchunguza, Kulinganisha na Kupendekeza Benki Yenye Programu ya Simu Iliyo Salama kwa Matumizi ya Ushirika wa Wafugaji.

Hilo, wapendwa, ni jina la kamati. Kamati yenyewe ilikuwa na watu watatu na mwavuli mmoja.

Walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, huko kwenye milima yenye ukungu. Gari la kiwanda lilipita kwao asubuhi tu. Maziwa ya asubuhi yaliuzwa; ya jioni yalilala kwenye ndoo, na kukicha yamechacha. Nani kati yenu amewahi kukamua ng'ombe kwa saa nzima, kisha akamwaga alichokamua? Basi mnaelewa kwa nini watu wale walikuwa wakikatwa senti kidogo kwa kila lita, miaka minne mfululizo, ili wanunue tangi la kupozea. Fedha ilikuwa imekaribia kutimia. Ilihitaji mahali pa kukaa kwa miezi michache iliyobaki, na ndiyo maana kamati ikaundwa.

Na kamati ilifanya kazi, tusiwaonee. Walizunguka benki tatu wakiwa na daftari. Ya kwanza, programu yake ilifunguka kwa tarakimu nne basi. Mwenyekiti wa ushirika, ndiye aliyeiongoza kamati, akaandika: "Hafifu." Ya pili ilidai tarakimu nne na ujumbe wa uthibitisho kwenye simu. Akaandika: "Inaridhisha." Ya tatu ilikuwa na utaratibu wa vikundi: watu wawili, kila mmoja na simu yake na namba yake ya siri. Mmoja anaanzisha malipo, mwingine anaidhinisha. Ukikosea namba mara tatu, akaunti inajifunga mpaka uende benki kwa miguu yako. Mwenyekiti aliipenda mno. Akasema, "Hii ni ngome. Hata mimi nikitaka kuiba, itanikatalia."

Wakaichagua. Mweka hazina akawa mwanzishaji, mwenyekiti akawa mwidhinishaji. Mweka hazina alikuwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili, aliyepewa cheo kile kwa sababu siku ya uchaguzi ndiye pekee ambaye hakukiomba. Karani wa benki akawaambia wote wawili, "Namba yako ijue wewe. Mwenzako asiijue. Mume asiijue."

Mwenyekiti akakunja uso. "Kijana, katiba yetu hairuhusu mtu mmoja kujua jambo ambalo wanachama hawalijui. Kifungu cha kumi na moja. Uwazi."

Mnacheka? Subirini.

Jumamosi iliyofuata, mkutano mkuu uliitishwa wenye ajenda moja: kupitisha namba ya siri. Mmoja alipendekeza mwaka wa kuanzishwa kwa ushirika. Mwingine akaunga mkono. Mzee wa tatu akashauri namba iwe moja kwa simu zote mbili, kuepusha mkanganyiko. Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ikapita bila kupingwa. Katibu akaiandika kwenye muhtasari, akaupiga mhuri, nakala moja ikabandikwa ubaoni nje ya ofisi ya kukusanyia maziwa. Na simu zenyewe zikawekwa kwenye droo ya ofisi hiyo, isiyofungwa. Uwazi, wapendwa! Kifungu cha kumi na moja!

Nilisema bila kupingwa. Samahani, hivyo ndivyo muhtasari unavyosema. Yule mama alisimama.

"Mwenyekiti, namba ya siri ikibandikwa ubaoni ni tangazo."

"Mama, sisi hapa ni ndugu. Ndugu wanafichana?"

"Ndugu hawafichani, lakini mlango wa ghala tunaufunga."

"Hee! Ameshaanza kuhesabu bati za nyumba yake kwa fedha zetu, huyu," sauti ikatoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hakukaa. Akamgeukia katibu, akataka jambo lile lirudishwe kwenye ajenda. Katibu akamweleza kwa upole kabisa kwamba hoja ya kubadili azimio huwasilishwa kwa maandishi, nakala tatu, siku ishirini na moja kabla ya mkutano.

"Na mwizi naye anasubiri siku ishirini na moja?"

"Mwizi si mwanachama," katibu akajibu. "Utaratibu haumhusu."

Mama akaandika nakala zake tatu. Akazikabidhi, akachukua sahihi ya kupokelewa. Lakini alikuwa mtu wa kukamua jioni, na kila jioni aliitazama ndoo yake. Ijumaa ikafika, akachoka kuitazama. Akaenda ofisini, akachukua simu yake droo ikiwa wazi vilevile, akapanda gari mpaka benki.

"Nataka kubadili namba," akamwambia karani.

"Vizuri, mama. Ingiza mpya, na usimwambie mtu."

"Hata mwenyekiti?"

"Hata mimi. Geuza simu huko." Na yule kijana akageuza uso wake, akatazama ukuta mpaka mama alipomaliza.

Alirudi na simu kifuani, ndani ya kitenge, si kwa woga, ila kitenge hakina droo. Kisha akaiweka pale pale ilipokuwa. Simu ilikuwa ya ushirika. Namba ilikuwa ya kazi yake.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti alitaka kulipa malipo ya awali ya tangi. Mlidhani alimwita mweka hazina aanzishe? Hapana, aliona bora ashike simu zote mbili mwenyewe, kuokoa muda. Akafungua ya mweka hazina. Ikamwambia akaunti imefungwa. Kelele zilizotoka ofisini mle, ng'ombe waliacha kula.

Kabla ya saa nne mama alikuwa kwa mtendaji wa kata, ameketi kwenye benchi, na wanachama wamejaa hadi dirishani.

"Umebadili namba?" mwenyekiti akauliza.

"Nimebadili, Ijumaa."

"Nani alikuruhusu?"

"Benki ilinikabidhi mimi."

"Itaje sasa hivi, tumalize."

"Sitaji."

"Unaukaidi mkutano mkuu?"

"Mkutano mkuu unaweza kunivua cheo, hata leo. Nitamfundisha atakayefuata, naye aweke yake. Lakini yangu siitaji."

"Una siri gani na fedha zetu wewe?"

"Hiyo hiyo mliyonipa kazi ya kuitunza. Na namba yangu peke yake haitoi hata senti. Lazima yako pia, mwenyekiti. Na yako iko ubaoni."

Shemeji yake mwenyewe akamwambia amewatia aibu. Jirani aliyekunywa chai kwake juzi akapendekeza polisi. Saa tano, saa sita, saa saba. Mama alikaa kwenye benchi lile kama kisiki cha mti mgumu. Ng'ombe wake wawili walikuwa nyumbani, hawajapewa maji, na yeye alilijua hilo. Namba hakuitaja.

Saa nane mtendaji, aliyekuwa na njaa, akaamua kupiga simu benki, akaiweka kwa sauti ili wote wasikie. Karani akaomba dakika mbili. Kisha akasema:

"Akaunti ilijifunga jana Jumapili, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mtu aliingia na namba ya mwenyekiti bila tabu. Kwenye simu ya mweka hazina akajaza malipo, akakosea namba mara tatu. Alitaka kuhamisha fedha yote."

"Ikatoka?" mtendaji akauliza.

"Haikutoka. Iko yote."

Jumapili, saa nne na dakika kumi, wafugaji wote walikuwa ibadani. Wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa ametoka nje mara moja kupokea simu. Ni nani? Hakuna aliyekumbuka, na funguo za ofisi ile walikuwa nazo watu kumi na saba.

Sasa tujitazame sisi, humu ndani. Tunapochagua benki, tunauliza maswali mazuri: inafungwaje, inafunguliwaje, ni salama kiasi gani? Tunatafuta ngome. Kisha tunaingia ndani ya ngome na kusoma namba kwa sauti, kwa sababu kumficha mtu tunaona ni kumdharau. Mume anadai ya mke kama uthibitisho wa mapenzi. Mzee wa kanisa anampa jirani simu amtolee hela dukani, na namba anaitamka foleni nzima ikisikia. Tunaita upendo. Huo ni uvivu uliovaa nguo ya upendo. Ukimpa ndugu yako namba yako, umempa na jaribu ambalo hakuliomba.

Na hivyo ndivyo tulivyo na kila tulichokabidhiwa. Tunakifanya cha wote, tukipiga makofi, ili kikipotea kisiwe cha mtu. Lakini amana ina mwenyewe. Iwe sadaka, iwe mtoto wa marehemu ndugu yako, iwe neno uliloambiwa faraghani: mmoja lazima akae kwenye benchi, atukanwe, na asiseme. Utakuwa wewe? Usinijibu kwa kunyoosha mkono, mikono tumeshaiona. Nijibu siku watakapokuita mwizi na wewe unajua unalinda nini.

Muhtasari wa kikao kilichofuata unasema: "Changamoto ya kimtandao ilijitokeza, ikatatuliwa kwa ushirikiano wa uongozi na wanachama wote."

Kilichotokea ni kwamba mwanamke mmoja alibadili namba, akaulizwa kwa saa nne, na hakuitaja.